Maji Kabla ya Mizani

Mwaka wa 1997, mwezi wa Machi, kiangazi kilipokuwa kimekausha hata vijito ambavyo kwetu huwa havijui kukauka, nilikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Nilikuwa mjane. Nilikuwa kiongozi wa kikundi cha wanawake wachunaji wa majani chai, upande wetu huu wa Kapsoit. Tena sikuwa nimelazwa hospitalini hata mara moja isipokuwa kwa uzazi. Nayataja mambo haya matatu kwa sababu yote nilikuwa nikiyavaa kama watu wavaavyo nguo ya Jumapili.

Ndugu zangu, mmeniita nizungumze juu ya kuishi miaka mingi mtu akiwa na afya yake. Walionitangulia wamesema habari za mboga, za usingizi na za kutembea kwa miguu, na wamesema vizuri. Mimi nitawaeleza jinsi nilivyokaribia kuupoteza mwili wangu kwa kiburi, na jinsi mwili wa mtu mwingine ulivyolipia kiburi hicho. Sitataja jina la mtu yeyote. Baadhi ya watu ninaowasema wameketi humu ndani, na wao wenyewe watajitambua.

Niwarudishe nyuma kidogo. Mume wangu alifariki tarehe 2 Agosti 1986, akaniachia watoto na shamba la chai lililokomaa. Mnaojua chai mnajua kwamba jani likishachunwa halina subira. Unalichuna asubuhi, unalibeba kwa kikapu hadi kituo cha kununulia, karani anapima, na lori la kiwanda linachukua. Lori likiondoka kabla hujafika, jani lako linakuwa jeusi kikapuni na huna wa kumlaumu. Katika mwezi wa Oktoba mwaka huo nilichuna peke yangu siku nzima, nikafika kituoni nikaona vumbi tu la lori likipanda kilima. Nilimwaga majani yale kando ya barabara. Shemeji yangu, ndugu wa marehemu, alikuwa amesimama pale na wanaume wenzake. Akasema, bila hata kuteremsha sauti, "Chai haitaki mjane."

Wengine wakacheka. Mimi nilibeba kikapu changu kitupu nikaenda nyumbani.

Mnisikilize vizuri hapo, kwa kuwa hapo ndipo mambo yalipoanzia. Mimi si mtu wa kuchekwa. Nilianza kusoma nikiwa mama wa watoto watano, katika darasa la ngumbaru, na nilifanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1984, nikiwa na miaka arobaini na moja, nimeketi dawati moja na watoto waliolingana na kitinda mimba wangu. Nilipita. Kwa hiyo nilipochekwa pale kituoni, niliapa kwamba lori halitaniacha tena maishani mwangu.

Januari 1987 niliwakusanya wanawake kumi na mmoja, mimi nikawa wa kumi na mbili. Tukawa tunachuna kwa zamu: leo kwangu, kesho kwa jirani, kesho kutwa kwa mwingine. Mwenye shamba alipika, na chakula kililiwa baada ya mizani. Hilo ni la desturi. Kwetu mtu anayekula katikati ya kazi ya mwenzake huonekana amefuata sufuria. Lakini mimi niliongeza la kwangu. Niliona kwamba maji ndiyo yanayomtoa mwanamke mstarini. Akinywa, baada ya muda atatafuta kichaka. Na kichaka kiko mbali, chini kule mtoni, na njiani wanapita wanaume, pengine baba mkwe wake mwenyewe. Atajificha, atangoja wapite, atarudi amechelewa. Basi nikaweka sheria, nikaitungia maneno, na wote wakayajua kwa moyo: "Asiyekunywa hatoki, asiyetoka hachelewi."

Lori halikutuacha tena. Miaka kumi, ndugu zangu, halikutuacha hata siku moja. Watu walituita kikundi cha ngamia, nasi tukalipenda jina hilo. Tulitoka nyumbani alfajiri na kikombe kimoja cha chai yenye sukari nyingi, tukachuna hadi jua limegeuka, tukasimama kituoni kungoja lori, na mara nyingine lilifika jioni. Ndipo tukanywa. Ndipo tukala ugali mkubwa na mboga iliyotiwa chumvi ya kutosha watu wawili, tukalala na tumbo zito.

Jirani yangu, ambaye mashamba yetu yanapakana, alichukua mstari wa kando ya wangu tangu siku ile ya kwanza. Yeye ndiye aliyekuwa mchekeshaji wa kikundi. Aliniita Nyapara. Saa sita za mchana, tukiwa tumebana mapaja na tunachuna kwa mikono miwili, angesema, "Nyapara, kama kibofu kingekuwa na bonasi kama chai, sisi wawili tungejenga ghorofa Kericho mjini." Sote tungecheka kwa uangalifu, maana hata kucheka sana kulikuwa na hatari yake.

Nacheka sasa nikisema. Lakini haikuwa kitu cha kuchekesha.

Mwezi wa Desemba 1995 mwanangu wa pili alioa binti kutoka Londiani. Siku yake ya kwanza shambani, mwezi uliofuata, alikuja na kikapu, aproni ya plastiki, na chupa.

"Hiyo ni nini?" nikamwuliza.

"Ni maji, Mama. Na viazi viwili, vya saa nne."

Mwanamke mmoja nyuma yetu akapaza sauti: "Kumbe huko Londiani mtu akienda shamba anahama na jikoni?"

"Mwacheni," akasema mwingine. "Kesho ataleta kitanda."

Binti hakukasirika. Alisema kwa upole, macho yakiwa chini kama impasavyo mkaza mwana, "Mama, kwetu tukichimba viazi, saa nne tunakaa chini, tunakunywa, tunakula kidogo, tunaendelea."

"Viazi vinangoja ardhini," nikamjibu. "Chai haimngoji mtu. Weka hiyo chupa kwa njia, utaikuta tukirudi."

Akaiweka. Tulipofika nyumbani jioni nilimsifu kwa kuchuna vizuri, nikadhani nimemfunza kazi.

Sasa turudi kwenye mwaka ule wa 1997. Kabla ya Machi mwili wangu ulikuwa umeniambia mara nyingi. Kichwa kiliniuma kila jioni. Haja ndogo ilikuwa ikiniunguza na rangi yake ilikuwa kama chai ya mkandaa, isiyotiwa maziwa. Mgongo uliniuma chini ya mbavu. Lakini mchunaji gani haumwi mgongo? Nilimeza vidonge vya dukani, viwili asubuhi na viwili jioni, na vilipokosa nguvu nikaongeza. Katika darasa la ngumbaru tulikuwa tumefundishwa habari za maji safi na kazi ya figo. Niliulizwa swali hilo katika mtihani, nikaliandika jibu, nikapewa alama yangu. Jibu nikaliacha darasani.

Jumanne tarehe 11 Machi 1997, jua likiwa kali, nilianza kutetemeka kwa baridi. Wenzangu walikuwa wakijipangusa jasho, na mimi meno yangu yalikuwa yakigongana. Nilijaribu kumaliza mstari. Nililala juu ya michai kama nguo iliyoanikwa, na aliyenishika kabla sijaanguka chini ni yule binti wa Londiani. Alinibeba mgongoni hadi barabarani, akasimamisha gari la maziwa, wakanipeleka mjini.

Daktari wa zamu alikuwa msichana, kwa umri angeweza kuwa kitinda mimba wangu. Nilipopata nafuu kidogo aliketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Mama, kwa siku unakunywa maji kiasi gani?"

"Nakunywa chai."

"Sikuuliza chai."

Nikalivuta blanketi hadi kidevuni.

"Na ukishikwa na haja shambani, unaenda?"

"Sisi hatutoki mstarini," nikasema. Nilisema kwa majivuno, Mungu anisamehe, nimelala pale na sindano mkononi.

Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Kisha akaniambia kwamba maambukizi yaliyoanzia kwenye njia ya mkojo yamepanda hadi kwenye figo, na kwamba hayakuanza jana. Akasema mwili haukuumbwa kuwa pipa la kufungwa. Vile vidonge nilivyokuwa nikimeza kama njugu viliongeza madhara, na presha yangu ilikuwa juu. "Una bahati," akasema. "Figo zako zimechoka, hazijafa. Ukirudia maisha yale, sitakuahidi kitu." Akaniagiza: maji unapoamka, maji kazini, maji jioni, usizuie haja, usiende shamba na tumbo tupu, punguza chumvi, lala mapema, vidonge vya dukani achana navyo, na urudi kupimwa kila mwezi.

Ukiyatazama hayo, ndugu zangu, hakuna hata moja lililohitaji daktari. Mama yangu mzazi, aliyeishi hadi vitukuu wake wakamwamkia, aliyafanya yote bila kujua kusoma. Aliamka akanywa maji ya kibuyuni, akala uji wa wimbi, akafanya kazi polepole, akapumzika kivulini bila kuomba radhi, akalala kuku walipolala. Mimi niliyesoma niliuona huo ni uvivu wa watu wa zamani.

Nilitoka hospitalini tarehe 22 Machi. Na sasa nafika mahali ambapo ningependa kuparuka.

Nilitii kila neno la daktari, lakini kwa siri. Niliwaambia wenzangu kwamba ilikuwa malaria. Nilikunywa maji nyumbani kabla ya kutoka. Saa nne nilisingizia ng'ombe: "Naenda kumtazama ndama," nikaenda nyumbani, nikanywa, nikajisaidia, nikala kiazi, nikarudi. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa kiongozi, hakuna aliyeniuliza. Mashamba yalipokuwa mbali na kwangu, nilitafuta safari ya kituoni kwenda kumwona karani. Nguvu zikanirudia, uso ukang'aa. Wenzangu wakasema, "Mwoneni Nyapara, malaria imempa ujana." Na sheria ikabaki pale pale. Nilikuwa bado nikiitamka kila asubuhi. Niliogopa kwamba nikiiondoa watauliza kwa nini, na nikieleza kwa nini nitakuwa tena yule mjane aliyemwaga majani kando ya barabara.

Aliyejua ni mmoja tu, mkaza mwana wangu, aliyekuwa kando ya kitanda daktari aliposema, na adabu ilimfunga mdomo. Jioni moja, tukiwa jikoni, mdomo ulimfunguka.

"Mama, naweza kuuliza kitu?"

"Uliza."

"Yale maneno ya daktari yalikuwa yako peke yako?"

"Yalikuwa ya mwili wangu."

"Na sisi wengine tuko na mwili gani?"

Nikamwambia aangalie maziwa, yanachemka. Hayakuwa yanachemka.

Mwaka mmoja ukapita hivyo, na zaidi. Mvua kubwa ikaja ikaenda, majani yakawa mengi kuliko tulivyoweza kuchuna. Halafu ikaja baridi ya Julai, ile ya ukungu, ambapo mtu hahisi kiu hata kidogo na kumbe anakauka vilevile. Jirani yangu aliacha kufanya mzaha. Nilidhani amekosana na mtu. Miguu yake ilivimba, akavaa viatu vya mumewe. Nilimwuliza, akasema, "Ni baridi." Nami nilijua. Ninawaambia mbele za Mungu na mbele yenu, nilijua, maana niliiona rangi ya uso wake na ilikuwa rangi ile niliyoiona katika kioo changu.

Alhamisi tarehe 16 Julai 1998 alipelekwa hospitalini, hospitali ile ile. Nilikwenda kumwona Jumapili, baada ya ibada, na chupa ya uji na nguo ya kubadilisha. Uso ulikuwa umevimba, macho yamekuwa madogo. Lakini aliponiona alijaribu kucheka.

"Nyapara, ghorofa letu limebomoka."

Nikafungua chupa ya uji.

"Daktari ananiuliza kwa nini nilikuwa sinywi maji," akaendelea. "Nikamwambia, mwenzangu hanywi, na ana nguvu kama punda. Nilikuwa nikiona mgongo wako pale mbele, nasema, kama huyu hajatoka, mimi nitatokaje?"

Ndugu zangu, ningeweza kunyamaza. Asingejua hadi leo. Lakini neno lile la mgongo wangu lilinichoma mahali ambapo sindano za hospitali hazikufika.

Nikasema, "Mimi nilikuwa nikinywa."

"Unasema?"

"Nilikuwa nikinywa. Sikwenda kumtazama ndama. Na haikuwa malaria. Ilikuwa hii yako."

Muuguzi alipita, akaweka dawa, akaondoka.

"Tangu lini?"

"Tangu Machi mwaka jana."

Akageuza uso ukutani. Alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nenda nyumbani. Ng'ombe wako wanangoja kukamuliwa."

Daktari alinieleza baadaye kwamba haiwezekani kusema ni maji peke yake. Mwenzangu alikuwa na presha ya muda mrefu ambayo hakuna aliyeipima. Lakini maambukizi yaliyopuuzwa miezi mingi yalikuwa yameharibu figo moja na kuijeruhi ya pili. Angepona kiasi cha kukaa nyumbani na kulea wajukuu. Kubeba kikapu, hapana, asingebeba tena. Nilimwuliza daktari, "Kama angeletwa mwaka mmoja mapema?" Naye, kwa kuwa ni mtu mwema, akasema ana mgonjwa mwingine wa kumwona, akaenda.

Usingizi ulinipotea. Jumatatu tarehe 27 Julai 1998 tulikuwa tukichuna shambani kwangu. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba tuliwaona wenzetu nusu nusu. Nilibeba mtungi wa maji yaliyochemshwa na kikombe, nikauweka mwanzo wa mstari, mahali ambapo kila mtu angeuona. Saa nne nikasimama. Nikavua kikapu mgongoni, nikateka maji, nikanywa kikombe kizima mbele yao wote.

"Kogo," akaniita msichana mmoja wa kikundi, kwa maana hao wadogo huniita nyanya, "leo wewe ndio umehama na jikoni?"

Wakacheka. Nikawaacha wamalize. Kisha nikawaambia yote, tangu Machi, na ndama, na karani, na malaria ya uongo. Sikukaa chini wala sikuangalia pembeni. Nilipomaliza ukasikika ukungu ukidondoka kwenye majani.

Aliyesema kwanza ni yule yule aliyemcheka mkaza mwana wangu kwa habari ya kitanda. "Kwa hivyo mwaka mzima sisi tulikuwa tunakauka, na wewe umelowa?"

"Ndiyo."

"Na mwenzetu anavimba."

"Ndiyo."

Alichukua kikapu chake akaondoka shambani, na hajarudi katika kikundi chetu hadi leo. Ana haki yake. Waliobaki walitazamana. Mkaza mwana wangu akaja, akateka maji, akanywa, akampa wa nyuma yake kikombe. Kikazunguka. Siku hiyo tulichelewa, na lori lilitukuta bado tunapanga majani. Karani akalishikilia kidogo, tukapimiwa. Miaka kumi niliogopa lori lile, na kumbe dereva ni mtu wa kuambiwa "ngoja kidogo".

Lakini maji bila mahali pa kujisaidia ni taabu nyingine. Wanawake walinywa siku tatu, wakaacha. Niliwaelewa. Hapo ndipo nilipojua kwamba sheria yangu haikuanzia kwangu peke yangu. Ilikuwa imelala pale, mimi niliiamsha tu nikaivisha maneno. Kituoni hapakuwa na choo. Mashambani hapakuwa na choo. Nikaamua kwenda mbele ya kamati ya kituo, nayo ilikuwa ya wanaume watupu, na mwenyekiti wake ni yule shemeji yangu.

Mnajua kwetu. Mwanamke hasimami mbele ya shemeji yake mkubwa akatamka habari za haja ndogo. Septemba nilisimama nikatamka. Mzee mmoja akafunika uso kwa kofia. Shemeji akasema, "Mke wa ndugu yangu, hii ni kamati ya majani. Sasa tuzungumze vyoo?"

"Mzee," nikamwambia, "majani hayo huchunwa na nani?"

Wakaahirisha. Oktoba nikarudi, wakaahirisha. Novemba nikarudi na wanawake wa vikundi vingine vitatu, na hatukusema kitu. Tulikaa tu kwenye nyasi mbele ya mlango. Wakatupa siku ya kusikilizwa.

Katika miezi hiyo nilikuwa nikimpelekea jirani yangu maziwa. Kibuyu kilirudi kila mara kimeoshwa vizuri, bila neno. Nilipopita kwake alikuwa akiingia ndani. Sikumlaumu, wala sasa simlaumu.

Kabla sijawaeleza siku hiyo, niwashukuru watu. Namshukuru yule daktari aliyeniambia kwamba hakuuliza habari za chai. Nawashukuru wanawake waliokubali kunywa kutoka kikombe cha mtu aliyewadanganya. Namshukuru mkaza mwana wangu, aliyenibeba mgongoni na hakunikumbusha chupa yake hata siku moja. Mkimwona leo anatembea polepole, ni kwa sababu anatarajia mtoto, na anakunywa maji yake saa ile anayotaka. Mimi naamka na maji, nala uji kabla ya kufunga aproni, chumvi naitia kwa ncha za vidole, nalala mapema. Presha yangu imeshuka. Daktari anasema naweza kuwaona vitukuu.

Na kama mnataka funzo, ni hili. Mwili ni mnyenyekevu sana. Unaomba kidogo: maji, chakula kwa wakati, kwenda haja, kulala. Unaomba kwa adabu, tena mara nyingi, kabla haujapiga kelele. Usiunyamazishe mwili wako kwa ajili ya sifa. Na ukijifunza kuutunza, usiende kuutunza mafichoni, huku anayekufuata akitazama mgongo wako.

Jumamosi tarehe 5 Desemba 1998 kamati ilikaa pale kituoni, mbele ya wakulima wote, wanaume na wanawake. Baada ya kutusikiliza, shemeji yangu alisoma azimio la kamati: choo cha wanawake kijengwe kituoni, kila penye kundi la mashamba wenyewe wachimbe kimoja kabla ya mvua za Machi, maji ya kunywa yawekwe mashambani, na kila kikundi kisimame kazi saa nne, watu wanywe na wale, na asichekwe mtu. Akauliza kama kuna mwenye kupinga.

Kisha sauti ikatoka nyuma, ambayo sikuwa nimeisikia tangu Julai.

"Mimi napinga."

Jirani yangu alikuwa amesimama, ameshika bega la binti yake. Watu walimpisha. Alikuwa amepungua sana, gauni lilimning'inia. Hakunitazama.

"Unapinga nini, mama?" shemeji akauliza.

"Napinga saa nne. Nyinyi mnaandika saa nne kwa sababu hamjawahi kuchuna. Mtu ametoka nyumbani alfajiri. Ikifika saa nne, tayari ameanza kujidanganya kwamba hana kiu. Mimi najua. Andikeni saa tatu."

Kisha akanigeukia. Alinitazama kama mtu anayepima mzigo kabla ya kuuinua.

"Nyapara," akasema, "si ndiyo?"

Nikainua mkono wangu. Wa mkaza mwana wangu ukainuka, na ya wanawake wote, kisha ya wanaume, mmoja mmoja. Shemeji yangu akaomba kalamu, akakata neno moja, akaandika jingine juu yake, akasoma upya kwa sauti: saa tatu.

Azimio likapita.